Àncora au ancóra: kukata silabi za Kiitaliano na kuujua mkazo

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Natembeza wageni baharini upande wa Kiwengwa, Unguja, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Lugha yao nimeiokota ufukweni, mwaka huu ndiyo nimeanza kuisoma kwa kitabu kwa sababu nataka kufanya mtihani. Mambo mawili yananitatiza. Kitabu kinakata campo kuwa cam-po, lakini pasta kinaikata pa-sta. Kwa nini m ibaki nyuma na s iende mbele? La pili ni mkazo. Juzi nahodha anatia nanga, nikamwambia mgeni 'ancora', akaniuliza 'tena nini?' Mkazo wenyewe hauandikwi, sasa nitaujuaje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo nanga, maana ndani yake mna karibu kila kitu ulichouliza.

Nanga kwa Kiitaliano ni àncora, mkazo kwenye silabi ya kwanza. Ukisema ancóra, mkazo kwenye silabi ya pili, umesema neno jingine kabisa, lenye maana ya "bado" au "tena". Herufi ni zilezile na hukukosea hata moja. Ulilitamka neno la Kiitaliano kwa kanuni ya Kiswahili, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na bahati mbaya hapo palikuwa na neno jingine limekaa. Alama hizi ninazoweka juu ya irabu ni za kukusaidia wewe tu. Mwitaliano akiandika nanga anaandika ancora, na akiandika bado anaandika ancora vilevile, anamwachia msomaji ajue.

Sisi mkazo wetu ni wa mahali. Haujali ni neno gani limekuja, unakwenda kukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema nyúmba, tukiongeza -ni, mkazo unahama wenyewe, nyumbáni. Píga, pigána, piganísha: kila neno linaporefuka, mkazo unalifuata nyuma. Yanayoasi ni machache, kama lázima, na ile tofauti anayoijua kila mtu kati ya barabára yanapopita magari na barábara yenye maana ya sawasawa. Kwa Mwitaliano mkazo ni wa neno lenyewe, neno limezaliwa nao. Tazama: scrìvi, andika, scrìvimi, niandikie, scrìvimelo, niandikie hilo. Neno limeongezewa silabi mbili na mkazo haukusogea hata kidogo. Mswahili akilisoma neno hilo la mwisho atasema scrivimélo, kwa sababu sikio lake linahesabu kutoka nyuma. Wanafunzi wangu wote, wa Malindi na wa hapa Unguja, wamekosea hapo, na si kwa uvivu. Wanaitii kanuni waliyonyonya na maziwa ya mama, nayo huko haina mamlaka.

Lakini mkazo unakaa juu ya silabi, kwa hiyo tuzikate silabi kwanza. Hapo ndipo campo na pasta zinapoingia, na jibu lake unalo tayari, tena kwa Kiswahili.

Neno nyumba utalikata vipi? Nyu-mba. Kitanda? Ki-ta-nda. Kanga? Ka-nga. Hukuwahi kufikiria kukata nyum-ba, na sababu ni kwamba sisi tuna mbuzi, ndizi na ngoma. Mb, nd na ng zinaweza kuanza neno, basi zinaweza kuanza silabi. Mwitaliano ana kanuni hiyohiyo, ila orodha yake ni nyingine. Hana neno lake hata moja linaloanza kwa mp, wala nd, wala nt, wala rt. Kwa hiyo akikutana na campo hawezi kuipeleka mp mbele. Anaiacha m nyuma na kuibeba p peke yake: cam-po. Vivyo hivyo ban-da, can-to, por-ta, al-to. Maneno yanayoanza kwa s na konsonanti nyingine anayo tele: stella, nyota, spiaggia, ufuko, scala, ngazi, strada, njia. Basi s haibaki nyuma, inakwenda na mwenzake: pa-sta, fi-ne-stra, ri-spo-sta, tu-ri-sti. Ana pia bravo, treno, dritto, plastica, ndiyo maana anakata li-bro, ma-dre, re-pli-ca. Zikikutana tatu, mtihani ni uleule: katika altro, tr inaweza kuanza neno lakini ltr haiwezi, kwa hiyo al-tro. Sempre inakuwa sem-pre. Na tecnica inakuwa tec-ni-ca, ritmo inakuwa rit-mo.

Kwa hiyo usikariri orodha ya kanuni kumi na mbili. Jiulize swali moja tu: konsonanti hizi zinaweza kuanza neno la Kiitaliano? Zikiweza, zinakwenda mbele pamoja. Zisipoweza, ya kwanza inabaki.

Kuhusu s hiyo nikuambie jambo moja kwa sababu umeuliza kwa kufikiri. Wataalamu wa fonolojia, elimu ya mfumo wa sauti za lugha, wanabishana juu yake. Ukisikiliza kwa makini Mwitaliano akisema pasta, ile a ni fupi, kama vile s imeiegemea na kuifunga silabi. Wapo wanaosema kimatamshi s ni ya nyuma. Katika maandishi hakuna ubishi, ni pa-sta, na kwenye mtihani wako andika pa-sta. S hiyohiyo ndiyo inayomlazimisha Mwitaliano kusema lo scoglio, mwamba, badala ya kutumia il, kile kineno cha kawaida kinachotangulia nomino. Ukishaizoea kwenye silabi utaizoea kwenye lo na uno.

Herufi mbili zinazotoa sauti moja hazikatwi, kama sisi tusivyokata ny ya nyanya wala sh ya shamba. Gn ni sawa na ny yetu: ba-gno. Sc mbele ya e au i ni sh: pe-sce. Ch na gh mbele ya e na i ni k na g: chie-sa, spa-ghet-ti. Gli nayo inabaki pamoja: fi-glio. Hili halitakusumbua.

Litakalokusumbua ni konsonanti pacha. Kwenye karatasi ni rahisi, kata katikati kila mara: mam-ma, pal-la, spiag-gia, ac-qua. Cq ya acqua ni pacha pia, ingawa haifanani kwa sura. Tatizo ni mdomoni. Sisi tunaziona mbili tunatamka moja, na Kiitaliano hakisamehe. Sete ni kiu, sette ni saba. Capello ni unywele, cappello ni kofia. Na ukitaja umri wako hakikisha unasema anni, maana anno ni mwaka na ano ni sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wageni.

Usidhani huwezi. Hesabu kwa Kiswahili: tatu, nne, tano. Simama kwenye nne. Umeona ulivyoishika ile n kabla ya kuiachia? Ulimi umegusa nyuma ya meno, sauti ikapita puani kitambo kidogo, ndipo ukaufungua mdomo kwa e. Sema mmoja, midomo inafanya vivyo hivyo kwa m. Sasa weka no mbele ya nne na badilisha irabu ya mwisho: no-nno. Hilo ni nonno, babu. Weka ma mbele ya mma: mamma. Kisha jaribu kushika konsonanti nyingine kwa namna ileile, t ya sette, l ya palla. Kwenye t sauti inakatika kabisa, kunakuwa kimya cha kufumba na kufumbua, halafu ndipo inalipuka. Na irabu iliyotangulia ifupishe. Hapa Kiswahili kinatuvuta vibaya, kwa sababu sisi silabi yenye mkazo tunairefusha kidogo. Hiyo inafaa kwenye casa, ambapo silabi imeachwa wazi na Mwitaliano mwenyewe anairefusha. Kwenye cassa, sanduku, silabi imefungwa na s ya kwanza, a inakuwa fupi, anayesubiriwa ni s.

Sasa irabu. Kiswahili kila irabu ni silabi: cha-i, ka-u-li, ma-i-ti. Ndiyo maana wengi wetu tunasoma piede, mguu, kwa silabi tatu, pi-e-de, na uomo, mtu, u-o-mo. Kwa Mwitaliano ni mbili mbili: pie-de, uo-mo. Dawa yake ipo nyumbani. Sisi hatusemi mu-a-ka, tunasema mwa-ka. Hatusemi vi-a-ku-la, tunasema vya-ku-la. I na u zikikutana na irabu nyingine tumekwisha zifanya y na w miaka mingi. Fanya hivyohivyo: piede isome "pyede", fiore "fyore", uomo "womo", buono "bwono" kama unaanza kusema bwana. Hata neno piano, sisi tunasema pi-a-no, Mwitaliano anasema "pya-no", silabi mbili basi. Katika cau-sa na Eu-ro-pa i au u inakuja nyuma badala ya mbele, nayo inamezwa vilevile: Eu-ro-pa ina mapigo matatu, usiyafanye manne.

Kuna i nyingine isiyotamkwa hata kama y. Hiyo imewekwa tu ili c isomeke ch na g isomeke j: gior-no, ca-mi-cia. Usiihesabu.

Lakini si kila irabu mbili zinaungana. A, e na o zikikutana zenyewe kwa zenyewe hazimezani kamwe: pa-e-se, ma-e-stro, le-o-ne, na neno utakalolitumia kila siku, ma-re-a, yaani kupwa na kujaa kwa maji. Na i au u zikibeba mkazo zinakataa kumezwa: vì-a, pa-ù-ra, far-ma-cì-a. Hapa mazoea yetu yanakuwa faida, kwa kuwa Mswahili anasema pa-u-ra vizuri kuliko wageni wengi kutoka kaskazini.

Umeona kilichotokea? Nimekuambia tukate silabi kwanza halafu tutafute mkazo, na sasa silabi zenyewe zinataka mkazo ujulikane. Chukua neno regia. Likiwa règia lina silabi mbili, rè-gia, na maana yake ni "ya kifalme". Likiwa regìa lina tatu, re-gì-a, na ni kazi ya kuongoza filamu au mchezo wa jukwaani. Bàlia ni yaya anyonyeshaye, balìa ni ile hali ya kuwa mikononi mwa kitu kisichokuhurumia, kama chombo in balìa delle onde, kinachochezewa na mawimbi. Ndiyo maana nakuambia maswali yako mawili yana mlango mmoja. Hata kwenye wingi utaliona: farmacìa, kwa kuwa i yake ina mkazo, lazima ibaki: farmacie; lakini spiàggia, ambayo i yake ni ya kupamba g tu, inaiacha: spiagge.

Tuje kwenye mkazo wenyewe. Waitaliano wamezipa aina za maneno majina mazuri. Parola piana, neno lililo tambarare, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Parola tronca, neno lililokatwa, mkazo silabi ya mwisho. Parola sdrucciola, neno linaloteleza, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Ukipata neno linaloteleza zaidi, mkazo wa nne kutoka mwisho, ni bisdrucciola.

Habari njema ni kwamba piane, wingi wa piana, ndizo nyingi kuliko zote. Mazoea yako ya Kiswahili, yale niliyoyalaumu pale juu, yatakupa jibu sahihi mara nyingi zaidi kuliko yatakavyokupotosha: amóre, albèrgo, bambìno, lavóro. Habari njema ya pili: tronche zote zenye silabi zaidi ya moja lazima ziandikwe na alama. Città, caffè, perché, virtù, università. Hapo mkazo unaandikwa na ni kosa la tahajia kuuacha. Kwa hiyo neno likiwa refu na halina alama mwishoni, hakika mkazo hauko mwisho. Umebakiwa na swali moja: linakwenda tambarare, au linateleza?

Yanayoteleza ndiyo yanayotuumiza. Na yako kwenye maneno ya kila siku, ambayo mtembeza wageni hawezi kuyakwepa. Hesabu siku za wiki: lunedì, martedì, mercoledì, giovedì, venerdì, zote tano tronche, halafu sàbato na doménica, zote mbili sdrucciole. Siku saba, na hakuna hata moja ambayo kanuni ya Kiswahili inaifaa. Namba kutoka 11 mpaka 16 zote zinateleza: ùndici, dódici, trédici, quattòrdici, quìndici, sédici. Kuanzia 17 mpaka 19 zinarudi tambarare, diciassètte, diciòtto, diciannòve. Meza ni tàvolo, chumba ni càmera, sukari ni zùcchero, kamba wa kuliwa ni gàmbero, kisiwa ni ìsola.

Na miji yao. Nilipokuwa mwanafunzi huko nilisimama kwenye dirisha la tiketi la stesheni moja ya kaskazini nikaomba tiketi ya Padóva. Karani alinitazama, akaniomba nirudie. Nikarudia, Padóva, kwa sauti zaidi. Akanipa karatasi niandike. Alipoisoma akasema "Ah, Pàdova!" na foleni nyuma yangu ikasikia. Herufi moja sikukosea. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba msikilizaji wa Kiitaliano hulitambua neno kwa mkazo wake kabla hajazisikia herufi zote. Basi mgeni akikuambia anatoka Nàpoli, Gènova, Bèrgamo, Rìmini, Brìndisi, Càgliari au Tàranto, usimrudishie Napóli. Milàno, Torìno, Bológna, Veróna, Firènze na Palèrmo ziko tambarare, hizo sema kama Mswahili.

Zipo dalili za kukusaidia, na ya kwanza inaonyesha kwa nini kukata silabi si zoezi la karatasi tu. Silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa imefungwa na konsonanti, mkazo karibu kila mara unakaa hapohapo: Pa-lèr-mo, Fi-rèn-ze, spa-ghét-ti, al-bèr-go, o-riz-zón-te. Silabi iliyofungwa ni nzito, inauvuta mkazo. Wanaokwepa ni wachache, Tàranto, Òtranto, màndorla ya lozi, pòlizza ya bima. Kwa hiyo wasiwasi ubaki kwa maneno ambayo silabi yake ya pili kutoka mwisho iko wazi, kama tà-vo-lo na Nà-po-li. Hayo ndiyo ya kuuliza.

Dalili ya pili ni viambishi vya mwisho. Neno linaloishia kwa kiambishi -zione, -mente, -oso, -ino, -etto au -ista liko tambarare bila shaka yoyote: stazióne, famóso, turìsta. Linaloishia -issimo, -abile au -ibile linateleza: bellìssimo, possìbile. Na yale ya kisayansi yenye -logo, -grafo, -metro yanateleza pia: fotògrafo, chilòmetro. Mengi ya -ico yanateleza, mèdico, simpàtico, lakini amìco na antìco hayatelezi, kwa hiyo dalili hiyo itumie kwa tahadhari. Angalia pia kwamba viambishi hivi vinaunda neno jipya, na neno jipya lina mkazo wake: telèfono ni simu, telefonàta ni kupiga simu kwenyewe. Mkazo unaobaki palepale ni ule wa kitenzi kinapogandamiwa na mi, ti, lo, la, ne: pòrta, pòrtami, pòrtamelo.

Kitenzi ndicho ninachotaka ukikazie kuliko vyote, maana hapo hata wanaoongea vizuri huanguka. Nafsi ya "wao" katika wakati uliopo. Mwanafunzi anaona parlano, wanasema, anasoma parláno. Anaona abitano, wanaishi, anasoma abitáno. Si hivyo. Chukua nafsi ya "mimi", sikia mkazo wake uko wapi, halafu uweke palepale kwenye "wao". Io pàrlo, loro pàrlano. Io àbito, loro àbitano. Io desìdero, loro desìderano. Io prenòto, loro prenòtano. Ndiyo maana àbitano inateleza mpaka silabi ya nne kutoka mwisho. Haikuchagua kuteleza, imekataa kuhama pale mkazo ulipokuwa kwenye "mimi". Noi, sisi, na voi, ninyi, ndizo zinazorudi tambarare, abitiàmo, abitàte. Ukiwa na kanuni hii moja hutahitaji jedwali.

Vitenzi vya -are na -ire havina shida katika umbo lao la kamusi, parlàre, dormìre. Vya -ere vimegawanyika makundi mawili na itabidi uyajue kwa kuyasikia: vedére, avére, sapére, potére upande mmoja; lèggere, scrìvere, prèndere, chiùdere upande wa pili, na kundi hili la pili ni kubwa. Lèggere ni kusoma. Ukisema leggère umesema "nyepesi", za kike, wingi.

Kwa kazi yako kuna neno moja ambalo huwa napenda kuliandika ubaoni siku ya kwanza. Capitàno ni nahodha. Càpitano ni "yanatokea", kama mambo yanavyotokea. Capitanò, yenye alama yake mwishoni, ni "aliongoza kama nahodha". Herufi nane, mikazo mitatu, maneno matatu. Wanafunzi wakiyatamka yote matatu mfululizo bila kubabaika najua wameanza kusikia.

Alama zenyewe zinapoandikwa zina mambo madogo ya kukumbuka. Maneno ya silabi moja kwa kawaida hayawekewi, qui, su, tre, re, isipokuwa pale alama inapotenganisha mawili yanayofanana: è ni "ni", e ni "na", tè ni chai, te ni wewe, sì ni ndiyo, là ni kule, dà ni anatoa. Pia più, già, può. Lakini tre ikiingia mwishoni mwa neno refu inapata alama, ventitré, na su vilevile, lassù. Alama ya perché na ventitré inaelekea upande mmoja, ya caffè na è upande mwingine, kwa sababu e yao iko ya namna mbili, iliyobanwa na iliyofunguliwa. Katika matamshi hata wao wa kusini na kaskazini hawaafikiani, kwa hiyo usipoteze usingizi. Jifunze tu hii moja kwa ajili ya baharini: pésca ni uvuvi, pèsca ni tunda la pichi.

Na usidhani wenyeji hawakosei. Wapo wengi wanaosema rùbrica na èdile, na walimu wao wanawasahihisha, rubrìca, edìle. Kwa kuwa alama ya mkazo haiandikwi, hata mwenye lugha anahitaji kamusi, na kamusi zao karibu zote zinaonyesha mkazo kwenye kila neno kuu.

Kama unapenda mashairi kuna jambo litakalokufurahisha. Sisi mizani tunahesabu silabi zote, mpaka ya mwisho. Mshairi wa Kiitaliano anahesabu mpaka mkazo wa mwisho. Mstari wao mkubwa unaitwa endecasìllabo, wa silabi kumi na moja, lakini sharti lenyewe ni mkazo wa mwisho uangukie silabi ya kumi. Ukiishia kwa neno tambarare mstari una 11, ukiishia kwa tronca una 10, ukiishia kwa neno linaloteleza una 12, na yote mitatu wanaiita ya kumi na moja. Malenga wetu angesema huyu kakosa mizani. Kwao mkazo ndio nguzo ya mstari, silabi zinazofuata ni kivuli chake.

Sasa tufanye kazi pamoja kwa sentensi moja, ya kwako. Il capitano getta l'ancora e i turisti desiderano subito visitare l'isola. Nahodha anatia nanga na watalii wanataka mara moja kuzuru kisiwa. Weka kiganja mezani, gonga pigo moja kwa kila silabi, na kwenye mkazo gonga kwa nguvu. Ca-pi-TÀ-no, tambarare. GÈT-ta, shika t. L'ÀN-co-ra: n imebaki nyuma kwa kuwa nc haianzi neno, na pigo kubwa ni la kwanza. Tu-RÌ-sti, s imekwenda mbele. De-SÌ-de-ra-no, mapigo matano na kubwa ni la pili, kwa sababu mimi ni desìdero. SÙ-bi-to, ukisema subìto umesema "aliyepatwa na jambo". Vi-si-TÀ-re. L'Ì-so-la. Katika maneno manane, manne kanuni yetu imeyapata na manne imeyakosa, na hayo manne ndiyo mgeni wako aliyokuwa akiyasubiri.

Kuanzia leo neno jipya lisiingie kwenye daftari lako bila alama ya mkazo, iwe kwa kalamu nyekundu au vyovyote, hata kama Mwitaliano haiandiki. Usiandike isola, kisiwa. Andika ìsola, kisiwa. Mgeni akitamka neno ambalo hujawahi kulisikia, mwombe alirudie polepole, gonga ukingo wa mashua kwa kidole unapomsikiliza, na pigo kubwa linapoangukia ndipo utie alama. Yale utakayokuwa nayo shaka nayo usiyaache. Nitumie kumi kila Ijumaa, yakiwa yamekatwa silabi na kuwekewa mkazo, nitakurudishia.